Faili la harusi la GB 21 liingie kwenye DVD za kawaida: diski ngapi, bitireti gani (biti ngapi kwa kila sekunde), na kwa nini linaganda mwishoni?

#1 Rungwe_Chai
Wakuu, za jioni.

Kuna faili la harusi, MP4, 1920x1080, fremu 25 kwa sekunde, urefu saa 3 na dakika 10. Windows inasema GB 21.2. Linatakiwa kufika Makete kwa wazee wenye TV ya chogo na deki ya DVD ya zamani isiyo na tundu la USB. Kompyuta hakuna, kwa hiyo flashi na simu tuziweke pembeni kabisa.

Jaribio la kwanza: programu ya DVDStyler, diski moja, ikatoka GB 4.3, DVD+R ya bei rahisi, ikachomwa kwa kasi ya 16x. Kwenye laptop inacheza mwanzo hadi mwisho. Kwenye deki ni safi mpaka saa 2 na dakika 15 hivi, halafu vibokisiboksi, sauti inapotea, picha inaganda. Ukijaribu kuruka moja kwa moja hadi hapo, inakataa.

Maswali: hesabu sahihi ya bitireti ni ipi? Diski ngapi zinatosha? Na kinachogandisha ni nini?

#2 Uyole_Signali
Mkuu, anza na hesabu, mengine yatajipanga.

Saa 3 na dakika 10 ni sekunde 11,400. DVD moja ni baiti bilioni 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Gawa kwa 11,400 unapata kilobiti 3,298 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Toa asilimia 4 ya vifungashio vya VOB (faili za video ndani ya DVD) na nafasi ya kupumulia, zinabaki kama 3,166. Sauti ya mfumo wa AC3, kilobiti 192, ikitoka, picha inapata 2,974. Weka 2,950 na usiongeze.

Diski mbili za saa 1 na dakika 35 kila moja, hesabu hiyohiyo inakupa 6,140, weka 6,100. Tofauti ya 2,950 na 6,100 kwenye harusi utaiona kwa macho, hata kwenye chogo. Chagua diski mbili. Wazee wakimaliza kanisani wanabadilisha diski, wanaingia ukumbini.

#3 Kyela_Mchele
Hapo pa bilioni 4.7 watu wanaliwa kila siku. Kasha linasema 4.7 kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu. Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo diski hiyohiyo inaonekana 4.38. Na faili la mkuu hapo juu linaloonekana 21.2 ni baiti bilioni 22.8. Ukichanganya vipimo viwili kwenye hesabu moja, programu inakugomea mwishoni baada ya saa nne za kugeuza.

DVD+R ndiyo kubwa kidogo kuliko DVD-R, kwa hiyo kwenye kubana hivi tumia hiyo.

#4 Uyole_Signali
Kaka Kyela, la kwanza sawa, la pili umegeuza. DVD-R ina sekta 2,298,496, DVD+R ina 2,295,104, kila sekta baiti 2,048. Zidisha: DVD-R ni 4,707,319,808 na DVD+R ni 4,700,372,992. Minus imeizidi plus kwa karibu megabaiti 7. Ukitengeneza picha ya diski (faili moja lenye diski nzima) iliyojaa hadi ukingoni kwa ajili ya minus, halafu dukani ukakuta plus tu, haiingii. Ndiyo maana kwenye hesabu tunatumia 4,700,000,000 kavu.

#5 Kyela_Mchele
Nimesahihishwa. Ndaga, mwalimu.

#6 Mafinga_Mbao
Kwani lazima kugeuza? Mnaharibu picha nzuri bure. Kata faili vipande kwa programu ya mkvmerge bila kugusa ubora, kila kipande diski yake:

mkvmerge -o sehemu.mkv --split size:4400M harusi.mp4

Dakika chache limeisha. Bilioni 22.8 kwa vipande vya 4400M ni diski 5.

#7 Dada_Kihesa
Mafinga, hizo ni diski za data. Deki ya zamani haijui MKV (aina ya faili hizo) wala H.264 (mbano wa video iliyo ndani). Inajua MPEG-2 (mbano wa DVD) ndani ya folda ya VIDEO_TS, na zile zenye alama ya DivX zinajua pia AVI ya MPEG-4 ya kizamani. Ukiwapelekea Makete diski tano za MKV, deki itaandika haina diski, wazee watadhani wao ndio wamekosea.

Ila kwa kutunza nakala ya asili njia yako ni nzuri sana, na kila mwenye faili la namna hii aifanye kabla ya kugeuza chochote. Kuna mtego mmoja tu. Kipande cha 4400M kimepita baiti 4,294,967,295. Ukiandaa diski kwa ISO 9660 ya kawaida (mpangilio wa faili kwenye diski), programu nyingi zitakataa faili hilo hata kama diski ina nafasi. Chagua UDF. Usipotaka UDF, kata kwa 4000M, lakini hapo zinakuwa diski 6 badala ya 5.

#8 Mafinga_Mbao
Kamwene dada. Hapo kwa UDF umenisaidia, ndiyo sababu ya ule ujumbe wa faili kubwa mno wakati diski ni tupu.

#9 Soweto_Kona
Mpaka huohuo ndio wa flashi zenye mpangilio wa FAT32. Mtu analeta flashi ya GB 64 yenye nafasi yote, faili la GB 21 linagoma, anadhani flashi ni feki. Igeuze iwe exFAT. Lakini redio za gari na TV nyingi za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo usigeuze flashi ya mtu bila kumuuliza anaitumia wapi.

Kwa 7-Zip (programu ya kubana na kukata faili) kuna orodha ya ukubwa tayari: 4092M ya FAT, 4480M ya DVD, 8128M ya DVD ya matabaka mawili, 23040M ya Blu-ray. Ila vipande vya 7-Zip havichezi kimoja kimoja. Kikifa kimoja, faili zima limekwenda. Kwa video tumia mkvmerge, kila kipande kinajitegemea.

#10 Rungwe_Chai
Asanteni. Diski mbili nimekubali. Lakini kuganda je? Faili la kwanza lilikuwa GB 4.3 na likatosha kwenye diski, kwa hiyo kujaa hakukuwa tatizo.

#11 Fundi_Mwanjelwa
Kuingia ni jambo moja, kusomeka ni jambo lingine. DVD inachomwa kutoka ndani kwenda nje. Ukichagua 16x, mashine haiendi 16x tangu mwanzo. Inaanza kama 6.6x karibu na tundu, inapanda taratibu, inafika 16x kwenye ukingo wa nje. Saa 2 na dakika 15 kati ya saa 3 na dakika 10 ni asilimia 71 ya data. Hapo mwale uko milimita 50 kutoka katikati, kasi imeshafika karibu 14x. Rangi ya diski rahisi haijasambazwa sawasawa ukingoni, kwa hiyo kwa kasi hiyo alama zinatoka hafifu.

Laptop inasoma kwa kurudiarudia na ina akiba kubwa ya kumbukumbu, ndiyo maana haikuonyesha kitu. Deki akiba yake ni ndogo, ikikosa mara mbili tatu inaganda.

Dawa: diski nzuri, kasi 4x au 6x, na usijaze zaidi ya GB 4.2 za Windows, ukingo wa nje ubaki tupu. Baada ya kuchoma weka tiki ya kuhakiki kwenye ImgBurn (programu ya kuchomea). Kwa 4x ni robo saa tu.

#12 Uyole_Signali
Nakubali kuhusu ukingo, lakini angalia pia kitu gani kipo dakika hiyo. Kwenye harusi ya kwetu, saa 2 na robo ni ukumbini: taa za muziki zinawakawaka, maua ya karatasi yanarushwa, watu wanaenda kutuza. Hapo ndipo bitireti inapopaa. DVD inaruhusu picha hadi 9,800 na jumla yote 10,080, lakini deki nyingi za zamani zinahema ukizidisha 8,500, hasa kwa diski ya kuchomwa. Kama programu imeachiwa kilele cha 9,000, kila taa inapowaka lenzi inakimbizwa.

Funga kilele kwenye 7,500. Hii hapa amri ya ffmpeg (programu ya kugeuza video), mizunguko miwili:

ffmpeg -i harusi.mp4 -t 5700 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 6100k -maxrate 7500k -b:a 192k -pass 1 -y d1.mpg

Irudie hiyohiyo ukibadili -pass 1 kuwa -pass 2. Diski ya pili, weka -ss 5700 kabla ya -i na uondoe -t.

Msisahau kutaja sauti. Ukiandika -target pal-dvd peke yake, inaweka AC3 ya 448. Ziada ya 256 juu ya 192, mara sekunde 11,400, ni karibu megabaiti 365 zimekwenda kwenye sauti ya kipaza cha ukumbini ambacho tangu mwanzo kilikuwa kinakoroma.

#13 Kyela_Mchele
Mimi naona ni DVD+R. Deki za zamani zilizaliwa na DVD-R, iliyotoka 1997. Plus imekuja 2002. Plus inabidi ibadilishwe alama ya aina ya diski iwe DVD-ROM ndipo deki iipokee.

#14 Fundi_Mwanjelwa
Kaka, alama hiyo inasomwa mwanzo kabisa, diski inapoingia. Ingekuwa ndiyo shida, deki isingecheza hata dakika moja. Hii imecheza saa mbili na robo.

#15 Kyela_Mchele
Si lazima. Kuna deki zinazokubali diski lakini zinaweka nguvu ya mwale ya diski ya kiwandani. Ndani inasoma, nje ambako diski imepinda kidogo inashindwa. DVD-R inayong'aa vizuri huwa haifanyi hivyo.

#16 Fundi_Mwanjelwa
Ulichokitaja sasa ni kupinda, siyo plus na minus. Diski iliyopinda inagoma nje hata ikiwa minus. Watu wa Kyela mnaacha diski kwenye dashibodi ya gari, jua la ziwani linazikunja, halafu mnalaumu herufi.

#17 Makambako_Njiapanda
Habari za humu. Makete umeme wa wazee ni wa gridi au sola? Deki ikiwa kwenye inveta rahisi pamoja na TV ya chogo, jioni betri ikishuka, mota ya kuzungusha diski inakosa nguvu na mkono wa lenzi unashindwa kufuata mstari. Jaribu mchana betri ikiwa imejaa.

#18 Rungwe_Chai
Deki imejaribiwa Tukuyu kwenye umeme wa kawaida kabla ya kupelekwa, kwa hiyo sola bado haijaingia.

#19 Dada_Kihesa
Basi fikiria joto la deki yenyewe. Baada ya saa mbili kitoa mwale kinapata moto na mafuta ya reli ya lenzi yanalegea au yameganda na vumbi. Mwisho wa reli, yaani upande wa nje, hautumiki mara nyingi kwa sababu diski nyingi hazijai, kwa hiyo grisi hukauka hukohuko. Fungua kifuniko, futa reli kwa pamba yenye spiriti, weka grisi nyeupe kidogo sana, isukume lenzi kwa kidole taratibu hadi mwisho na kurudi.

#20 Uyole_Signali
Joto lina swali moja: amesema akiruka moja kwa moja hadi pale inakataa. Kama ameruka deki ikiwa ya baridi, joto limeanguka, lakini reli imebaki.

Kipimo kizuri: geuza mpangilio. Weka sehemu ya ukumbini mwanzo wa diski na kanisani mwisho. Ikiganda ukumbini, ni bitireti. Ikiganda kanisani, ni ukingo, reli au diski.

#21 Mafinga_Mbao
Kipimo hicho kifanyike kwa diski ya aina ileile na kasi ileile ya 16x, la sivyo umebadili mambo matatu kwa mpigo.

#22 Igurusi_Maji
Wakati anapima, niongeze kuhusu kubana, maana wengine watataka diski moja tu.

Kinachokula biti ni mwendo na chembechembe. Ukungu wa Tukuyu asubuhi ni laini, hauli kitu, ingawa ukibana sana anga inatoka matabaka matabaka kama ngazi. Mvua, shamba la chai likipigwa upepo, na picha za usiku zenye punje, hizo ndizo zinakula. Kwa sehemu za usiku ongeza -vf hqdn3d (kichujio cha punje). Punje zikiondoka, 2,950 inaonekana kama 3,500.

Ukishuka chini ya 2,500, mfano unataka saa 4 kwenye diski moja, acha 720x576 na utumie 352x576. Kipimo hicho ni halali kwenye DVD, deki zote zinakijua. Picha inakuwa laini kidogo lakini vibokisi vinapungua sana, na TV ya chogo haina ukali wa kukuonyesha ulichopoteza.

Angalieni pia kama kamera ilirekodi mistari ya kupishana, 1080i. Ukiipunguza kuwa 576 bila kuitenganisha, kila mkono unaopunga unatoka meno ya kitana. Weka yadif (kichujio cha kutenganisha mistari) kabla ya kupunguza.

#23 Soweto_Kona
Na ikiwa vipande vingine vimetoka kwenye simu, simu hubadili idadi ya fremu katikati ya kurekodi, leo 30, mwanga ukipungua 24. Ukipeleka hivyo kwenye DVD, sauti inaachana na midomo taratibu. Dakika ya kwanza huoni, dakika ya arobaini mchungaji anasema amina kabla ya kufumbua mdomo. Geuza kwanza kipande hicho kuwa fremu 25 thabiti, halafu ndipo ukiunganishe na vingine.

#24 Mama_Mbalizi
Wanangu, kwa nini hakuna anayetaja DVD ya matabaka mawili? Baiti bilioni 8.5, faili lote linaingia kwa picha ya 5,500 bila kubadilisha diski.

#25 Fundi_Mwanjelwa
Shikamoo mama. Hesabu yako ni sawa, inakuja 5,534. Shida ni mbili. Bei yake ni kubwa na Mbeya mjini haipatikani kila duka. Halafu deki za zamani ndizo zinazogoma zaidi kwenye tabaka la pili, kwa sababu mwanga unaorudi ni hafifu. Mahali pa kuhama tabaka pia lazima paangukie mwanzo wa seli (kipande) ya video, na tabaka la kwanza lisiwe dogo kuliko la pili. ImgBurn inakupa orodha ya sehemu zinazofaa, chagua pale picha inapokuwa imetulia, maana deki husita hapo kidogo.

#26 Mama_Mbalizi
Marahaba. Basi kwa Makete diski mbili za kawaida.

#27 Mafinga_Mbao
Kwa nakala ya asili, Blu-ray ya GB 25 inabeba faili zima bila kulikata. Bilioni 22.8 inaingia na nafasi inabaki.

#28 Dada_Kihesa
Mwenye mashine ya kuichomea, ndiyo. Kwa wengi ni diski ngumu mbili zilizowekwa nyumba tofauti.

#29 Rungwe_Chai
Matokeo ya kipimo, wakuu. Diski ya aina ileile, 16x ileile, ukumbini mwanzo, kanisani mwisho. Ukumbini haikuganda, lakini mara mbili picha ilisita kama nusu sekunde kwenye taa za muziki. Halafu saa 2 na dakika 20, kanisani, kwaya imesimama tu haina mwendo, ikaganda kabisa.

#30 Fundi_Mwanjelwa
Ukingo huo.

#31 Uyole_Signali
Kuganda ni ukingo, nakubali. Kusita kwenye taa ni kilele cha bitireti, maana hapo mwale ulikuwa ndani, kwenye sehemu nzuri ya diski. Yapo yote mawili.

#32 Dada_Kihesa
Na bado hamjatofautisha diski mbaya na reli kavu. Zote mbili zinagandisha upande wa nje. Chukua DVD ya kiwandani iliyojaa, iweke kwenye deki hiyo, ruka hadi sura ya mwisho. Ikicheza, diski ya kuchoma ndiyo mbaya. Ikiganda, fungua deki.

#33 Rungwe_Chai
Deki imeshapanda basi kwenda Makete jana. Nitachoma mbili kwa 4x, kilele 7,500, kila moja isizidi GB 4.2.

#34 Igurusi_Maji
Kwa 6,100 na dakika 95 utapita 4.2 kidogo. Shusha hadi 5,800. Tofauti haionekani.

#35 Kyela_Mchele
Na chukua DVD-R.

#36 Fundi_Mwanjelwa
Chukua, haidhuru. Ila usibandike stika ya karatasi ya picha ya maharusi juu yake. Ikikaa upande kidogo diski inayumba ikizunguka, na kwa baridi na unyevu wa Makete gundi inajivuta na kuikunja. Andika kwa kalamu ya diski, karibu na tundu: 1 KANISANI, 2 UKUMBINI. Na ufunge diski kabisa wakati wa kuchoma, usiiache wazi kwa kuongezea, deki haisomi iliyo wazi.

#37 Makambako_Njiapanda
Chomea kwenye laptop yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika dakika ya kumi, DVD-R hairudiwi.

#38 Tunduma_Mpakani
Samahani kuingilia, uzi umenifaa sana. Faili langu lina njia mbili za sauti, moja ya Kiswahili na moja ya Kinyakyusa, saa 2. Zote zinaingia DVD moja?

#39 Uyole_Signali
Zinaingia, DVD inaruhusu hadi nane. Sekunde 7,200: jumla 5,222, toa asilimia 4 unabaki na 5,013, toa 192 mara mbili, picha 4,629. Weka 4,600. Kwenye ffmpeg taja -map 0:v -map 0:a:0 -map 0:a:1, ukisahau inachukua sauti moja tu. Halafu waonyeshe watakaoangalia kitufe cha AUDIO kwenye rimoti.